Kuboresha Corolla ya nyumbani kwa mikono yako: fyuzi kwanza, muziki baadaye

Haya wadau, leo tuongelee magari. Sio yale ya kwenye video za muziki, nazungumzia yale yaliyopaki nyumbani: Corolla ya mzee, Vitz ya dada, IST ya shemeji. Maswali ninayoulizwa ni yale yale kila siku. Taa zangu hazioni mbele, nifanyeje? Rimu gani zitaingia? Mbona redio ya Japani haishiki stesheni zetu? Nimeamua kuyaweka yote sehemu moja, mtu achapishe karatasi aende nayo kwenye gari.

Mfano wangu ni Toyota Corolla 110, ile iliyotengenezwa Japani kuanzia 1995 hadi 2000, kwa sababu ndiyo iliyopo nyumbani kwetu na bado zimejaa mitaani japo zimeshapita miaka 25. Mengi hapa yanafaa kwa gari lolote dogo la betri ya volti 12.

Msimamo wangu nausema mapema. Gari la familia si la kwako peke yako. Hilo hilo ndilo linampeleka mama hospitali saa nane usiku na ndilo linabeba wadogo zako kwenda shule. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza kinachozuia moto, pili kinachokusaidia kuona, tatu kinachowashika abiria na kushika barabara, mwisho muziki. Vijana wengi tunaanzia mwisho. Na kabla ya yote, muombe mzee ruhusa!

Kama uko kafe na dakika zinayoyoma, soma namba 1 tu. Mengine utarudi.

1. FYUZI NA WAYA

Wengi wanadhani fyuzi inalinda redio. Hapana, kazi yake kubwa ni kulinda waya. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo. Waya mwembamba hapo unageuka kuwa hita, tena ndani ya gari lenye zulia, sponji na plastiki.

Sheria ni moja: kila waya unaotoka kwenye chanya ya betri upite kwenye fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri, sentimita 20 hadi 30 hivi. Ukiiweka kule ndani karibu na redio, kipande chote cha kutoka kwenye betri mpaka hapo hakina ulinzi, na hicho ndicho kinachopita kwenye bati lenye makali. Mtaani kwetu nimeona gari limefungwa ampli na fundi wa barabarani: waya mnene, hauna fyuzi, umepenya kwenye tundu la bati bila hata mpira wa kuuzuia usichubuke. Mwenye gari alikuwa anajiandaa kwenda mkoani na watoto.

Hesabu ni nyepesi. Wati gawanya kwa volti unapata ampea. Kifaa cha wati 120 kwenye volti 12 kinakula ampea 10. Halafu chagua waya, kisha fyuzi:

- Waya wa milimita za mraba 1.5: fyuzi isizidi ampea 15
- Waya wa 2.5: isizidi 20
- Waya wa 4: isizidi 30

Rangi za fyuzi za plastiki zile za miguu miwili bapa: 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 nyeupe inayoonyesha ndani, 30 kijani. Ikiungua weka ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna shoti, itafute. Ukiweka karatasi ya sigara au unyuzi wa waya badala ya fyuzi, umeondoa ulinzi wote.

Kabla ya kugusa waya wowote fungua kichwa cha hasi cha betri kwa spana namba 10. Hasi ndiyo ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi. Gari lenye mifuko ya hewa subiri angalau sekunde 90 ndipo uanze kazi.

2. TAA ZA MBELE

Hapa ndipo watu wanapotupa hela. Taa hafifu, anakimbilia Gerezani kununua globu za wati 100. Globu za kawaida za H4 ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Mbili za wati 60 zinakula ampea 10. Mbili za 100 zinakula karibu 17. Joto kwenye waya linapanda kwa mraba wa ampea, yaani waya zile zile za kiwandani zinapata joto karibu mara 3. Ndiyo maana unakuta soketi za plastiki zimeyeyuka.

Anza na kipimo kabla ya kununua chochote. Washa injini, washa taa, chukua mita ya umeme. Pima volti kwenye betri, halafu pima nyuma ya globu. Zikipishana zaidi ya volti 1, umeme unapotea njiani. Na usidharau hiyo moja: volti ikipungua asilimia 10, mwanga wa globu ya kawaida unapungua karibu asilimia 30.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Tafuta nati inayobana waya wa ethi kwenye bodi ya gari karibu na taa, ifungue, piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha, paka grisi kidogo. Gari la miaka 25 lina kutu hapo hata kama huioni.

Ikiwa bado, funga rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Rilei ina miguu yenye namba. 30 inapokea chanya kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya 15, 87 inakwenda kwenye globu, 85 na 86 ni za kuiamsha kwa kutumia waya wa zamani wa taa. Tumia waya wa 2.5. Angalizo: baadhi ya Toyota za miaka hiyo swichi ya taa inakata upande wa hasi, sio chanya. Pima kwanza, usifuate mchoro wa gari lingine.

Kama kioo cha taa ni plastiki na kimekuwa cha njano, kisugue kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi. Mwisho paka rangi angavu ya kuzuia jua. Ukiiacha hiyo, unjano unarudi baada ya miezi michache.

Globu za LED kwenye taa iliyoundwa kwa H4? Mimi siweki. Kile kikombe cha ndani kimepimwa kwa ajili ya unyuzi uliokaa mahali pake. Chanzo cha mwanga kikikaa kwingine, mwanga unatawanyika na kumpofusha anayekuja. Wewe unaona kweupe, yeye haoni kitu, na mnapishana kwenye lami ya njia mbili.

Taa iliyotumika ukiinunua, uliza imetoka gari la nchi gani. Za Japani zinatufaa maana nao wanaendesha kushoto kama sisi. Za Dubai au Marekani zinamulika zaidi upande wa kulia, yaani usoni kwa mwenzio.

Kupima ulengaji: paki karibu na ukuta, weka alama kwenye urefu wa katikati ya globu. Rudi nyuma mita 10, washa dimu. Mwisho wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya alama.

3. MIKANDA YA NYUMA

Hii haina gharama hata senti. Nenda sasa hivi kaangalie siti ya nyuma. Magari mengi, mtu alipovisha kava alizifukia klipu za mikanda chini ya siti, na tangu siku hiyo hakuna aliyefunga mkanda nyuma. Ng'oa siti, zitoe, toboa kava pale zinapopita. Vuta kila mkanda wote mpaka mwisho uone kama umechanika, kisha uvute kwa ghafla uone kama unakaba. Kwangu hili linazidi rimu zote za Dar es Salaam.

4. TAIRI NA RIMU

Saizi ya gari lako ipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, pamoja na upepo wake. Tuseme ni 175/65R14. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana, ya tatu ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina kipenyo cha milimita 583. Sasa linganisha:

- 185/60R14: milimita 578, inafaa
- 185/55R15: milimita 585, inafaa
- 195/50R15: milimita 576, inafaa, ila ubavu ni mfupi na shimo utalisikia mpaka kwenye meno
- 195/65R15: milimita 635, hapana

Hiyo ya mwisho inazidi kwa karibu asilimia 9. Spidomita ikisoma 80, wewe uko 87. Tochi ya trafiki haijui habari za rimu zako! Halafu itakwangua madigadi ukikata kona.

Usivuke asilimia 2 hadi 3, na namba ya uzito iliyo ubavuni mwa tairi isiwe chini ya ile ya kiwandani. Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka kuliko mdogo wako.

5. REDIO

Redio za zamani za Japani zinashika FM 76 hadi 90. Zetu ziko 88 hadi 108. Kile kiboksi kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa eriali kinashusha masafa: kikishusha 14, stesheni ya 100 utaipata kwenye 86. Ila piga hesabu. Redio ina nafasi ya megahezi 14 na sisi tunahitaji 20, kwa hiyo kuna stesheni hutazipata kamwe. Kama hela ipo, nunua redio mpya.

Rangi za waya kwenye redio nyingi mpya: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi ya ufunguo, nyeusi ni ethi. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Zenye mstari mweusi ni hasi za spika hizo, na hazifungwi kwenye bodi, utaunguza redio. Ukiunga nyekundu na njano pamoja, redio inaweza kula betri usiku kucha na asubuhi mnasukuma.

6. VISIVYOGUSWA

- Usukani wa michezo badala ya wenye mfuko wa hewa. Waya za mfumo huo mara nyingi zina plagi za njano. Usizikate wala kuzipima kwa mita.
- Kukata springi ili gari lilale. Springi iliyokatwa inaweza kutoka kwenye kiti chake.
- Kuchezea mabomba ya breki. Kubadilisha mafuta ya breki kila miaka 2 inatosha, maana yanavuta unyevu. Kama hujawahi, mwachie fundi unayemwamini.

Na ukishafunga kitu cha maana, soma mkataba wa bima uone kama unatakiwa kuwataarifu. Bora kuuliza leo kuliko kubishana gari likiwa limeshaungua.

Jumamosi hii anza na mikanda, ethi na upepo wa tairi. Hivyo vitatu havihitaji hela. Nawasilisha, wenye ujuzi zaidi ongezeeni.