"Mwili Yote Inaniuma": Historia ya Maumivu Yasiyo na Jina Kipushi



Kwenye kila mtaa wa Kipushi kuna mtu kama huyu. Ana miaka hamsini na kitu, au sitini. Kichwa kinamuuma, viungo vinamuuma, tumbo leo liko sawa, kesho limekaza. Usingizi haupatikani, na uchovu haumtoki hata akilala siku nzima. Ukimuuliza anasema: "Mwili yote inaniuma." Amepita lopitalo tatu. Moja walimpima malaria, nyingine tifoidi, ya tatu wakampiga picha ya mgongo. Kila mahali ni neno moja: "Hatuoni kintu." Akirudi nyumbani, hawa wanasema amelogwa, hawa wanasema ni uzee, na sisi tuliosoma tunasema ni mawazo tu.

Basi tumuulize mwalimu mmoja ambaye hatumuulizagi mambo ya ugonjwa: historia.

Mwaka 1700, kule Italia, munganga mmoja aitwaye Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi: wachimba madini, wafinyanzi, wachoraji, wafua vyuma. Alisema kwamba juu ya maswali ambayo waganga walikuwa wanauliza tangu zamani za Wagiriki, inafaa kuongeza swali moja: unatumika kazi gani? Swali dogo. Lakini lilibadilisha mambo, kwa sababu lilimtoa mgonjwa kitandani na kumrudisha mahali anapoishi, kwenye moshi wake, vumbi lake na maji yake.

Sasa turudi kwetu. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mgodi wa Kipushi, ulioitwa Prince Léopold, ulianza kazi mwaka 1924, kilometa kama 30 tu kutoka Lubumbashi, karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Ulitumika mpaka 1993. Katika miaka hiyo karibu 70 ulitoa mawe kama tani milioni 60, yenye zinki karibu asilimia 11 na shaba karibu asilimia 7. Na zinki haitembeagi peke yake. Ndani ya mawe yale mlikuwa pia risasi, kadimiumu na jermaniumu. Mawe yalipandishwa juu, yakasagwa, yakaoshwa, na mabaki yake yakalazwa kwenye mabwawa pembeni ya mji.

Kampuni ilikuwa na waganga wake, tena wengi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilitaka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, apate posho, nyumba, shule na matunzo. Mmoja wa wakubwa wa siasa ile, Léopold Mottoulle, alikuwa mwenyewe munganga. Tusikatae, bazee wetu wengi waliponeshwa na lopitalo zile. Lakini tuangalie swali lililotawala pale: huyu mtu anaweza kushuka mgodini ao hawezi? Mwili ulihesabiwa kama nguvu ya kazi. Kifua kilisikilizwa kwa sababu ya vumbi, mkono uliovunjika ulifungwa. Lakini mtu aliyestaafu na kuanza kuumwa miaka 15 baadaye, nani angemfuata? Na mke wake aliyefua nguo za kazi kila siku, aliyelima bustani karibu na mabaki, nani alimuuliza kitu?

Hapa historia ya Japani inatusaidia. Kwenye jimbo la Toyama kuna mto Jinzu. Juu yake kulikuwa mgodi wa Kamioka, wa zinki na risasi, kama ndugu wa Kipushi. Chini, wakulima walimwagilia mpunga kwa maji ya mto ule. Miaka na miaka, wanawake wa vijiji vile, wengi wao waliokwisha kupita umri wa kuzaa, waliumwa mifupa mpaka wakashindwa kutembea. Mifupa ilivunjika bure tu. Walilia "itai, itai", maana yake "inauma, inauma". Ugonjwa ukakosa jina lingine, ukaitwa hivyo hivyo: itai-itai. Wengine walisema ni chakula kibaya, wengine walisema ni kazi nyingi ya shamba. Munganga wa palepale, Noboru Hagino, hakutazama mfupa peke yake. Alitazama figo, mchele, mto, na mgodi ulio juu ya mto. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikubali kwamba kadimiumu kutoka mgodini ndiyo ilikuwa chanzo.

Sisemi kwamba Kipushi ina itai-itai. Ninachosema ni kwamba wanawake wale hawakuwa wanadanganya. Maumivu yao yalikuwa na sababu tangu siku ya kwanza. Swali lililokosekana ndilo lililochelewesha jina.

Na mwili una sababu zake za kuchelewa kusema. Risasi ikiingia kwa mtu mzima, sehemu kubwa inajificha ndani ya mifupa, inakaa huko miaka mingi, halafu inatoka polepole kuingia damuni. Inagusa neva, damu, figo na tumbo. Kwa hiyo mtu mmoja anaumwa kichwa, anafunga choo, anachoka na anasahau, na kila dalili inapelekwa kwa munganga wake. Kadimiumu inakaa kwenye figo kwa miaka kumi, ishirini na zaidi, na figo zikiharibika mifupa nayo inalegea. Ukikata mwili vipande vipande, hutaona kitu. Ukiuweka pamoja, hadithi inaanza kusomeka. Tena kipimo kinajibu tu swali kilichoulizwa. Kipimo cha malaria hakitakuambia habari ya risasi. Risasi hupimwa kwenye damu, kadimiumu kwenye mkojo.

Watu wa kwetu wamekwisha kuanza kazi hii. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti juu ya mkojo wa watu wa Katanga. Hawakupima wachimbaji tu. Walipima watu wa kawaida wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Wale walioishi chini ya kilometa 3 kutoka migodini walikuwa nayo zaidi kuliko wa mbali.

Lakini tusikimbilie kuitupia bulongo kila kitu. Mwili mzima ni pamoja na moyo. Mwaka 1993 mgodi ulifungwa, na posho, mshahara na heshima vikaondoka pamoja. Miaka ya 2003 na 2004, mpango wa "départs volontaires" uliwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, na wengi walilalamika kwamba walichopewa hakikufika hesabu ya miaka yao ya kazi. Mtu aliyelisha ukoo mzima, leo anaomba pesa ya dawa kwa mtoto wake. Usingizi utatoka wapi? Mwaka 1977 munganga wa Marekani, George Engel, aliandika kwamba ugonjwa unapaswa kusomwa kwenye mwili, kwenye moyo na kwenye maisha ya jamii, vyote pamoja. Na bado kuna sukari, presha, upungufu wa damu na kifua kikuu, vinavyopaswa kutafutwa kwanza, maana vina dawa.

Tangu 2024 mgodi wa Kipushi unatoa zinki tena. Vijana wenzetu wamepata kazi pale, na tunafurahi. Ndiyo maana neno hili ni la leo. Carnet za kazi za bazee zinaliwa na panya. Wanaokumbuka nani alitumika wapi, na maji yalichotwa wapi, wanaondoka mmoja mmoja.

Basi jioni hii, kabla ya kusema "ni mawazo tu", kaa karibu na muzee wako ao mama yako, na daftari mkononi. Ulitumika kazi gani, na miaka mingapi? Mulikunywa maji gani? Mulilima wapi? Maumivu yalianza mwaka gani, na nyumbani kulikuwa kunapita nini mwaka ule? Andika yote kwenye karatasi moja, umpelekee munganga pamoja na mgonjwa.

Pengine jina halitapatikana kesho. Lakini mtu aliyeambiwa mara tatu "hatuoni kintu" atakuwa amepata mtu wa kwanza wa kumsikiliza mwili yote.