NANI ALISEMA HESABU NI ZA WANAUME?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Mwezi huu ndio mwezi ulioteremka wahyi wa mwanzo, na amri ya mwanzo ndani yake ni kusoma. Hilo tushalisikia sana kwenye darsa za baada ya alasiri na sina la kuongeza. Nataka tuulizane jambo jengine, ambalo ukipita Likoni, Kisauni au Changamwe hutakosa kulisikia. Msichana akisema yuwataka kusoma fizikia anajibiwa, "Mtoto wa kike na fizikia wapi na wapi?" Akianguka mtihani wa hesabu, watu hawashangai, ati ni mwanamke. Nduguye wa kiume akipata alama zile zile anaambiwa ni mvivu, aache mpira ashike kitabu. Hebu tazama hapo. Mvulana kosa lake ni uvivu, na uvivu una dawa. Msichana kosa lake ni akili aliyoumbwa nayo, kwa hivyo hakuna haja ya kumlipia masomo ya ziada. Wallahi hukumu hii ni nzito, na hutolewa na watu walioketi barazani wakinywa kahawa.

Wako pia wanaoipaka rangi ya dini. Hao ndio nataka kuanza nao, maana sisi tuliosoma chuoni tunajua ni elimu gani ya dini iliyo ngumu kushinda zote kwa hesabu. Ni elimu ya mirathi, yaani faraidh.

Mafungu yaliyotajwa katika Suratun Nisaa ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Chukua kalamu tujaribu. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni (1/8), mabinti wana thuluthi mbili (2/3), baba sudusi (1/6) na mama sudusi (1/6). Tafuta namba moja inayogawika kwa yote hayo, utapata 24. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha: 27! Mafungu yamezidi mali. Utafanyaje? Wanazuoni walijibu kwa njia iitwayo aul: mali inagawanywa mafungu 27 badala ya 24, na kila mmoja anapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Mke anachukua 3 katika 27, ambayo ni tusui, yaani moja ya tisa. Mas-ala haya yaitwa Mimbariya, kwa sababu inasimuliwa kuwa Sayyidna Ali (R.A.) aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui, kisha akaendelea na khutba yake.

Sasa hesabu kama hizi walikuwa wakiulizwa kina nani? Imepokewa kutoka kwa Masruq, mwanafunzi mkubwa wa maswahaba, kwamba aliwaona wakubwa katika maswahaba wa Mtume (S.A.W.) wakimuuliza Bibi Aisha (R.A.) kuhusu faraidh. Wakubwa, si watoto. Na mpwa wake, Urwa bin Zubeir, alistaajabu kwa ujuzi wake wa tiba. Mbona hatukusikia maswahaba wakisema hesabu si za wanawake?

Njoo Baghdad, karne ya nne ya Hijra. Huko alikuweko mwanamke aitwaye Amatul-Wahid, maarufu kwa jina la Sutayta, binti wa Kadhi al-Husein al-Mahamili. Alihifadhi Qur'ani, akasoma fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi, madhehebu yetu sisi watu wa pwani, akabobea katika faraidh na hesabu, na alikuwa akitoa fatwa pamoja na mwanachuoni Abu Ali bin Abi Hureira. Alifariki mwaka 377 Hijria, sawa na 987 Miladia. Wanahistoria walioandika habari zake wametaja kuwa alikuwa hodari wa masuala ya "daur". Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu wengi hupita juu juu. Daur maana yake ni kuzunguka. Ni masuala ambayo huwezi kukijua kiasi cha kwanza mpaka ukijue cha pili, na cha pili nacho hakijulikani bila ya cha kwanza. Mwanafunzi wa sekondari leo angeandika x akaitafuta. Hiyo ndiyo aljebra. Na si ajabu, kwani al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha al-jabr huko huko Baghdad miaka mia moja na zaidi kabla yake, alijaza sehemu kubwa ya kitabu chake masuala ya wasia na mirathi. Kwa hivyo Bibi Sutayta hakuwa mtu wa kujumlisha bei ya sokoni tu. Alikuwa katika hesabu za juu za zama zake.

Nitoe tahadhari moja hapa, maana sisi vijana tuna mtindo wa kusambaziana ujumbe bila kuuliza. Kuna habari inazunguka ya "Mariam al-Asturlabi", ati aliyevumbua mitambo ya kuongozea safari mpaka leo twamshukuru kwa simu zetu. Alilotaja Ibn al-Nadim katika orodha yake mashuhuri ni dogo: binti wa al-Ijli, fundi wa asturlabu, aliyemtumikia Amir Saifu-Dawla kule Halab, Syria, karne ya kumi Miladia. Jina la Mariam halimo. Asturlabu ni chombo cha kupimia nyota na jua, na kukitengeneza kwataka hesabu na mkono usiotetemeka. Hilo peke yake latosha. Tukizidisha chumvi, anayetupinga atatushika kwa ile chumvi na atatupa mchuzi wote.

Basi kama huko nyuma mambo yalikuwa hivi, sisi huku pwani tulifikaje hapa?

Mfano ulio wazi ni wa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886 ameeleza kuwa katika jumba la Sultani wasichana walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika kulikuwa kwa wavulana. Yeye akajifundisha kwa siri, akiziiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto zama hizo. Na 1859, nduguye Barghash alipopanga kumpindua Majid, huyu binti wa miaka kama 15 ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua zao. Simsifu kwa fitna ile. Nasema tu kwamba waliomnyima kalamu walipokuwa na haja ya kalamu walimwendea yeye. Na mwaka mmoja kabla yake, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa ametunga utendi wake kwa bintiye. Twausoma mpaka leo kwa ajili ya mafunzo ya ndoa, na twasahau kuwa aliyeutunga ni mwanamke mwenye elimu.

Kuzuiwa kuandika ni jambo kubwa kwa hesabu. Mtu anaweza kuhifadhi sura kwa kusikia, lakini hawezi kufanya aul ya 27 kichwani bila ya kuzoezwa kwa kalamu.

Hapa Mombasa, sauti iliyopiga kelele sana ni ya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kutoka 1937 hadi alipofariki 1947. Katika magazeti yake, Sahifa ya 1930 na Al-Islah ya 1932, aliwalaumu Waislamu kwa kubaki nyuma, na akatetea elimu ya wasichana. Huyu hakuwa mpenda Uzungu, kinyume chake aliwakemea sana walioiga Wazungu kibubusa. Alitetea elimu ya mwanamke kwa hoja za dini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikafunguliwa skuli ya serikali ya wasichana wa Kiarabu mjini, ambako kushona na kazi za nyumba zilipewa nafasi kubwa. Ilikuwa hatua, lakini angalia ilikoelekea.

Kisha ikaja MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu pale Tudor, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni. Kilianza kusomesha mwanzoni mwa miaka ya 1950: umeme, mitambo, ubaharia. Wanafunzi walikuwa wavulana. Sababu yake si siri. Bandari na reli zilitaka mafundi, na ukoloni ulikuwa na mpango wake: mwanamume karakana, mwanamke cherehani. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilipoanza 1954, na kile cha kusafishia mafuta kule Changamwe katika miaka ya 1960, kazi zilikuwa tayari zina sura ya kiume. Mtoto aliyezaliwa Changamwe akakua akiona kila aliyevaa ovaroli ni baba wa mtu. Akaamini ndivyo Mungu alivyotaka. Kumbe ndivyo ofisi moja ya kikoloni ilivyopanga, miaka isiyozidi mia iliyopita. Hata baada ya uhuru zilikuwako skuli za wasichana nchini ambazo fizikia haikufundishwa kabisa, kisha watu wakauliza mbona wasichana hawafanyi fizikia!

Na usidhani ni ujinga wetu sisi peke yetu. Januari 2005, Lawrence Summers, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, alisema hadharani kwamba uchache wa wanawake katika ngazi za juu za sayansi huenda kwa kiasi fulani unatokana na tofauti za vipawa vya maumbile. Zogo lilikuwa kubwa, na mwaka wa pili yake akajiuzulu, ingawa alikuwa na ugomvi mwengine pia na wahadhiri wake.

Mimi jibu lake naliona Oman, kwa ndugu zetu. Mwaka 1970 nchi ile nzima ilikuwa na skuli tatu, zenye wanafunzi kama 900, wote wavulana. Mwaka 2011, katika mtihani wa kimataifa wa hesabu uitwao TIMSS, wasichana wa Oman wa darasa la nane waliwapita wavulana wao kwa zaidi ya alama 60. Mwaka huo huo Ghana wavulana ndio waliokuwa mbele. Sasa nambie, ikiwa ni maumbile, maumbile gani haya yanayogeuka ukivuka mpaka? Na yaligeukaje Oman kwa miaka 41, muda usiotosha hata bibi kufa na mjukuu kuzaa? Kilichogeuka ni mlango wa skuli.

Tena mlango hufungwa kwa neno dogo. Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran 1977, alikuwa na mwalimu wa hesabu ambaye hakuona kipawa chochote kwake, na msichana akaanza kulichukia somo. Mwaka uliofuata akapata mwalimu wa kumtia moyo. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza ulimwenguni kupata nishani ya Fields, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya hesabu. Alifariki 2017, akiwa na miaka 40 tu. Ni mwaka mmoja na mwalimu mmoja uliotenganisha kuacha na kuendelea.

Hapa kwetu hatukukosa wenye kufungua. Bi Swafiya Said wa Mombasa, katika miaka ya 1980, aliianzisha kazi ya chekechea za madrasa chini ya taasisi ya Aga Khan, zikaenea Zanzibar na Uganda. Watoto wa kike na wa kiume wakajifunza kuhesabu pamoja kwa vifuu, makombe ya pwani na vifuniko vya chupa, mwalimu akiwa ni mama wa mtaani aliyepewa mafunzo.

Na ile MIOME? Ilikuwa Mombasa Technical Institute 1966, kisha Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo hicho kilichoanza kwa wavulana kimepata kuongozwa na Profesa Laila Abubakar, mwanamke, mtaalamu wa bayokemia.

Dada yangu unayesoma haya baada ya kufuturu, na wewe mzazi uliye kando yake: mtaala mpya wamtaka mwanafunzi achague njia anapoingia gredi ya 10, na moja ya njia hizo ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Fomu hiyo hujazwa nyumbani mara nyingi, na mara nyingi kalamu inakuwa mkononi mwa baba. Kabla ya kujaza, mpe binti yako yale mas-ala ya mke, mabinti wawili, baba na mama. Mpe karatasi na muda wa kutosha, kisha umwambie mvulana wenu naye afanye.

Ramadhan karim.