Kutoka mti wa wazee hadi hashitegi: somo la Turkana

Leo naomba tuache mambo ya programu kidogo, tuongee historia. Msihofu, mwishoni tutarudi kwenye kompyuta!

Tarehe 11 Septemba 2013, serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza jijini Nairobi kwamba maji mengi mno yamegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana. Picha za rada za setilaiti zilichambuliwa, visima vya majaribio vikachimbwa, na bonde la Lotikipi peke yake likakadiriwa kuwa na mita za ujazo zipatazo bilioni 200. Lotikipi iko Turkana Magharibi, upande ule ule wa Kakuma na Lopur. Yaani kule ambako mama hufukua mchanga wa mto mkavu mpaka apate maji ya kujaza dumu moja.

Twitter (siku hizi inaitwa X) iliwaka moto. Wakenya wana maji ya miaka 70! Habari ikazunguka dunia kabla ya jua kutua.

Lakini tangazo lenyewe lilikuwa na maneno machache muhimu: utafiti zaidi ulihitajika kujua wingi na ubora wa maji hayo. Maneno hayo hayakusafiri. Mwaka 2015 vipimo vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi kupita kiasi cha kunywa. Habari hiyo nayo haikusafiri sana. Mpaka leo utakutana na mtu mwenye uhakika kwamba Turkana inaelea juu ya ziwa tamu.

Sasa jiulize: watu wa uhusiano mwema walifanya kazi nzuri siku ile, au mbaya? Tukihesabu waliosikia, nzuri ajabu. Tukimuuliza yule mama wa Lopur, jibu ni lingine.

Kabla ya mitandao ya kijamii, Turkana ilikuwa na njia yake. Wazee hukaa chini ya mti na kuongea. Chifu naye ana baraza lake. Mwenye neno anasimama, anasema, na anajibiwa hapo hapo mbele ya watu. Ukidanganya leo, wiki ijayo utakaa chini ya mti ule ule na watu wale wale. Njia hiyo ni ya polepole, ila ina majibu ndani yake.

Redio, gazeti na runinga zilileta njia ya upande mmoja. Nairobi inasema, Turkana inasikia, kama inasikia. Mtandao ulianza kugeuza mambo. Mwaka 2008 waandishi wakimbizi kambini Kakuma walianzisha Kakuma News Reflector, maarufu kama KANERE, wakalichapisha kama gazeti tando (ndivyo tulivyoziita blogu enzi zile). Kwa mara nyingine, aliyezoea kuzungumziwa alianza kujisemea.

Halafu ikaja njaa ya 2011. Picha za Turkana zilipoenea, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya mwezi Julai. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500, na lilipitwa. Siri yake naiona katika mambo mawili. Ombi lilikuwa wazi, na njia ya kujibu ilikuwa mkononi mwa kila mtu: M-Pesa, iliyokuwa imeanza mwaka 2007. Ulisikia, ukajibu papo hapo.

Mwezi Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kupatikana kwa mafuta katika kisima cha Ngamia 1, Turkana. Shangwe tena! Lakini tangazo hilo lililenga masikio ya mbali: wawekezaji na wapiga kura wa nchi nzima. Aliyeishi karibu na mtambo alitaka kujua kuhusu ajira na malisho. Oktoba 2013 wakazi waliandamana, na kampuni ya Tullow ikasimamisha kazi kwa muda. Mwaka 2018 malori ya mafuta nayo yalizuiwa barabarani na wakazi. Swali ambalo halikujibiwa chini ya mti lilijibiwa na mawe barabarani.

Mwezi Machi 2019 njaa ilirudi, na picha za wazee waliokonda zikarudi pia. Maafisa wa serikali walikanusha kwamba kuna waliokufa kwa njaa. Zamani kanusho kama hilo lingesomwa kwenye taarifa ya habari na likaisha. Safari hii Wakenya walijibu kwa hashitegi ya #WeCannotIgnore, picha juu ya picha. Kanusho likageuka kuwa habari kubwa kuliko njaa yenyewe, na hilo ndilo baya zaidi: siku za kupeleka chakula zilitumika kubishana.

Sasa turudi kwenye kompyuta kama nilivyoahidi. Sisi waandishi wa programu tuna kosa moja tunalolijua vizuri: kutoa toleo kabla halijajaribiwa. Ukishalitoa, marekebisho hayawafikii wote waliopakua la kwanza. Lotikipi ilikuwa hivyo. Kosa la pili ni kufunga mlango wa malalamiko halafu kusema programu haina hitilafu. Mwaka 2019 ilikuwa hivyo.

Kwa hiyo, ukiwa afisa uhusiano wa kaunti, wa shirika au hata wa kikundi cha vijana Lodwar, nashauri haya:

1. Usichokijua bado, kiweke kwenye sentensi ya kwanza, si ya mwisho. Ya mwisho haisafiri.
2. Mwambie kwanza anayeishi pale, ndipo uiambie dunia.
3. Ukikosea, tangaza kosa kwa sauti ile ile uliyotangazia ushindi.
4. Kabla ya kukanusha, nenda ukaone.

Hakuna jipya hapo. Mzee wa chini ya mti angekuambia hayo yote bila simu. Tofauti ni kwamba sasa mti ni mkubwa mno, na waliokaa chini yake hawasahau, maana wamehifadhi picha.

Haya, kazi njema. Tuonane wiki ijayo.