Vita ndani ya utumbo: jinsi bakteria wa kipindupindu wanavyoshambulia bakteria rafiki

"Nesi, watoto wangu wawili wamekunywa maji ya dumu moja. Mbona mmoja anaharisha na mwingine yuko salama?" Mama mmoja aliniuliza hivyo nilipotembelea kaya za machimboni. Swali lake ni zuri. Majibu ni mengi: kiasi cha vijidudu alichomeza mtoto, hali yake ya lishe, kama ananyonya, na pia bakteria wanaoishi tumboni mwake.

Bakteria rafiki ni nini?

Si bakteria wote ni wabaya. Utumbo wa mtoto una bakteria wengi wanaosaidia kusaga chakula. Pia wamekalia nafasi na kula chakula ambacho vijidudu wageni wangekitumia. Ni kama shamba lililojaa mazao: magugu hukosa pa kuota.

Silaha mbili za kipindupindu

Silaha ya kwanza hutumika dhidi ya bakteria wenzake. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza kwamba bakteria wa kipindupindu ana kifaa kinachofanya kazi kama mkuki mdogo wenye sumu. Humchoma bakteria aliye jirani na kumwingizia sumu inayomuua. Yeye na ndugu zake wa aina moja hawadhuriki, kwa sababu wana kinga ya sumu hiyo. Bakteria wa aina nyingine, hata wa kipindupindu wenye sumu tofauti, wanaweza kufa.

Silaha ya pili humdhuru mtoto mwenyewe. Ni sumu inayofanya utumbo kumwaga maji na chumvi za mwili kwa wingi. Ndiyo maana choo huwa kama maji yaliyooshea mchele, na mtoto anaweza kufariki ndani ya saa chache.

Silaha hizi husaidiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa vichanga vya panya ulionyesha kwamba bakteria wenye mkuki waliua bakteria rafiki, wakaongezeka utumboni, na ugonjwa ukawa mkali zaidi.

Kwa nini hili linatuhusu?

Shinyanga na Geita tuna machimbo ambako watu huhamia kwa haraka kabla vyoo na maji safi havijafika. Mvua ikinyesha, kinyesi husombwa hadi kwenye visima vifupi na malambo. Kipindupindu kimewahi kuzuka katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa.

Usimpe antibiotiki kwa kubahatisha

Yule mama alikuwa amefungua kapsuli ya rangi mbili iliyobaki nyumbani, akampa mtoto robo ya unga wake. Alifanya kwa upendo, lakini dawa hiyo huua hata bakteria rafiki. Pia humfanya mlezi achelewe kuleta mtoto kituoni. Antibiotiki hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa, kwa maelekezo ya mtoa huduma.

Ufanye nini mtoto akiharisha?

- Anza ORS mara moja. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama huna, weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya msawazo, katika lita 1 ya maji salama.
- Mpe kidogo kidogo kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole.
- Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kumnyima maji hakuzuii kuharisha, kunamkausha.
- Ulizia vidonge vya zinki kwenye zahanati.

Mpeleke kituoni haraka ukiona:

- macho yamedidimia, au ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi haraka
- amelegea, hawezi kunywa au hakojoi
- choo cha majimaji mengi, au chenye damu

Usisubiri asubuhi. Njiani endelea kumpa ORS.

Kinga

Mkuki wa bakteria hauna kazi asipoingia mdomoni. Chemsha maji hadi yatokote, au yatibu kwa klorini. Yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na uyachote kwa kata yenye mpini. Nawa kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika au kulisha. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni pia. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee.