Kijiti (wimbo)

Kijiti ni wimbo wa taarabu ya Unguja ulioimbwa na Siti binti Saad (takriban 1880–1950), na kisa chake ni mauaji ya kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alialikwa ngomani, akauawa. Mtuhumiwa, Kijiti, alivuka bahari akakimbilia bara. Mkono wa sheria ya wakoloni ukawaangukia wanawake wawili waliotoa ushahidi. Uchungu wa hukumu hiyo ndio uliousukuma wimbo kutoka baraza hadi baraza.

Siti aliyajua maisha ya wanyonge. Alizaliwa Fumba, na kabla ya kushika uimbaji alitembeza vyungu kichwani, akinadi kwa sauti iliyomtangulia kufika. Wakati taarabu ya kasri la Sultani ikiimbwa Kiarabu, yeye na wanamuziki wenzake waliimba Kiswahili habari za mtaani na mahakamani. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri.

Mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba Kijiti. Maisha ya Siti nayo yakawa kitabu: mwandishi Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad.