Redio ya ridhaa ya mawimbi mafupi

Redio ya ridhaa ya mawimbi mafupi ni chombo cha kurusha na kupokea mawasiliano, hasa kati ya megahezi 3 na 30. Mtumiaji huhitaji leseni na alama ya wito; za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z. Kazi kubwa ya kuifunga ni antena, wala si redio yenyewe. Kwa megahezi 7 hutosha waya wa takriban mita 20, uliokatwa katikati, ukaunganishwa na kebo ya omu 50 na kutundikwa juu kadiri iwezekanavyo. Kabla ya kurusha kwa nguvu kamili hupimwa mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena: yakizidi, huweza kuunguza transista za kurushia. Mwendeshaji husikiliza kwanza, huuliza kama masafa yanatumika, ndipo huita. Usiku megahezi 7 hufika mbali zaidi kuliko mchana.