Nani Aliwapa Roho Wachoraji wa Kolo?

Sisi vijana tunaoandika hadithi tunapenda sana kuunda dini. Mhusika anatoka kabila lisilokuwepo, ana mungu wake, ana waganga wake, kila kitu kipya. Ikifika sura ya mtu kufa, tunakwama! Roho inamtoka mdomoni kama moshi, inapanda juu, inahukumiwa, mwema huku, mbaya kule. Basi. Tumebadilisha majina, lakini madrasa na katekisimu vimebaki palepale.

Lugha yenyewe inatusukuma huko. Roho, nafsi na ahera ni maneno ya Kiarabu. Hata marehemu, maana yake aliyerehemewa, kwa hiyo ukiandika "marehemu babu" umeshatoa hukumu kabla babu hajafika kaburini. Kuzimu ni neno letu la zamani, mahali pa mizimu, ila siku hizi ukilitaja mbele za watu wengi wanasikia moto. Sasa angalia jirani zetu Wagogo. Peter Rigby, aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 1969, alieleza kwamba Mulungu ni Mungu, lakini neno hilohilo likiwa katika wingi, milungu, ni mizimu ya wazee waliokufa. Herufi moja tu, bwana! Mwandishi anayetaka kubuni dini na alitafakari hilo jambo kwanza, maana humo mna swali ambalo hadithi nzima inaweza kulijibu: wafu wako mbali kiasi gani na Mungu?

Lakini kazi kubwa zaidi ya kubuni dini haikufanywa na mwandishi wa hadithi. Imefanyika wilayani kwetu, hapahapa Kondoa, na waliofanya ni wataalamu.

Ukitoka Busi ukafika Kondoa mjini, ukishika barabara kuu ya kwenda Arusha utafika Kolo. Juu ya vilima kuna mapango yenye michoro myekundu ya watu wembamba warefu, twiga, pofu, na watu wenye vichwa vya ajabu. Mingine ni myeupe, ya baadaye. Eneo lote la michoro ni kilomita za mraba 2,336, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Waliochora hawakuacha hata neno moja. Hatujui walimwitaje Mungu, wala kama waliamini kwamba mtu ana roho moja, mbili, au hana kabisa.

Mary Leakey alikuja kunakili michoro hiyo mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka 1983. Kuna mchoro mmoja maarufu wa watu watano, wa katikati akiwa kama anavutwa mikono huku na huku. Mama Leakey aliona utekaji: wanaume wanataka kumnyakua mwanamke, na wenzake wanamzuia. Hadithi ya mtaani kabisa. Halafu mwaka 1986 David Lewis-Williams wa Afrika Kusini akaandika kwamba michoro ya Kondoa ilinganishwe na ile ya Wasan wa kusini, ambayo yeye aliisoma kama safari za waganga waliopandisha wakaingia ulimwengu wa mizimu. Kwa macho hayo, yule wa katikati hatekwi. Amepandisha, na wenzake wanamshika asianguke. Mchoro ni uleule, wino uleule! Aliyekuwa mateka sasa ana roho inayosafiri.

Lewis-Williams hakutoa wazo hilo hewani. Alitegemea Wasandawe, watu wa Kwa Mtoro na Farkwa ambao lugha yao ina vidoko kama za Wasan. Eric ten Raa aliishi nao miaka ya 1960 na akaandika juu ya simbo, ngoma ambayo mchezaji hupandisha akawa simba ili apambane na wachawi. Mimi naona hoja ya simbo ina nguvu, maana imetoka kwa watu wa nchi hii. Ila kutoka Msandawe wa 1960 hadi mchoraji wa miaka elfu kadhaa iliyopita ni mbali mno, na katikati amewekwa mganga wa kusini mwa Afrika kama daraja. Hapo ndipo ubunifu unapoanza.

John Mbiti alikutana na tatizo la namna hiyo. Mwaka 1969 alichukua maneno yetu mawili ya kawaida, sasa na zamani, akaunda nayo nadharia ya wafu wa Afrika nzima: marehemu anabaki karibu muda wote ambapo yupo mtu anayemkumbuka kwa jina, na akifa wa mwisho anayemjua, anazama katika zamani. Ni wazo zuri sana, natamani ningelibuni mimi! Mwaka uliofuata Okot p'Bitek alitoa kitabu chake akiwashambulia wasomi, Mbiti akiwemo, kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Wagiriki ili ipendeze kwa wageni. Wote wawili walikuwa Waafrika Mashariki, wote wasomi, na hawakuafikiana hata kidogo.

Na wakati wakubwa wanabishana, pango halijakaa kimya. Mungomi wa Kolo, penye michoro mizuri kuliko yote, ni mahali ambapo Warangi wamekuwa wakienda kuomba mvua na kutibu wagonjwa. Pombe ya matambiko ikirukia ukutani inaharibu rangi, kwa hiyo wahifadhi hawaipendi. Emmanuel Bwasiri, mtaalamu wa Kitanzania, aliandika mwaka 2011 kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu, lakini haina nafasi kwa desturi iliyo hai. Kwa hiyo anayekuja na tiketi na kamera ana haki inayojulikana. Anayekuja na mbuzi kwa sababu mtoto anaumwa, huyo itabidi ajieleze.

Warangi hawakuichora michoro myekundu; wao walikuja baadaye wakaikuta. Waliikuta imenyamaza kama tunavyoikuta sisi, wakaamua kwamba mahali hapo pana wenyewe.